Jiwe la Baba na Kona Niliyoinyoosha Mwenyewe

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana najua utanitukana, na mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha tangu Jumamosi ile. Mimi ni dereva wa greda, idara ya barabara, huu ni mwaka wa kumi na moja, na nina kaka yangu mkubwa ambaye watu wote wanamwita Shabaha kwa sababu hakosi ndege, na nakuandikia nikiwa na hasira kiasi kwamba kalamu imetoboa karatasi mara mbili, utaona mwenyewe.

Kaka ana bunduki ya marisau, ile inayotema chembe ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, aliirithi kwa marehemu baba pamoja na shamba, na leseni anayo, halali kabisa. Baba alipokuwa hai alipima mita mia mbili kutoka barabarani, akaweka jiwe kubwa, akalipaka chokaa, akatuambia hapa ndipo pa kusimama, ukilivuka kuelekea barabarani usiguse hata kifyatuo, kwa sababu masharti ya leseni yanakataza kufyatua risasi ndani ya mita mia mbili kutoka barabara wanayopita watu, na yanakataza kufyatua kuvuka barabara. Kila mwaka Kaka hulipaka jiwe lile chokaa mpya, analitunza kuliko kaburi la baba mwenyewe.

Sasa Shangazi, miaka miwili iliyopita idara iliamua kuinyoosha kona iliyokuwa ikipindua malori, na aliyeinyoosha ni mimi, kwa greda langu, wiki tatu nzima, na barabara mpya ikapita mpakani kabisa mwa shamba letu, na siku ya mwisho nilisimamisha mashine nikatazama dirishani, jiwe la baba hilo hapo, karibu hata nikaona michirizi ya brashi ya chokaa. Nilishuka nikapiga hatua. Hamsini na mbili. Nikasema nitamwambia Kaka Jumapili, Jumapili ikafika, tukala nyama ya kanga wa porini, shemeji akaniongezea paja, nikanyamaza, na Jumapili zikafuatana hivyo hivyo, kwa sababu Kaka haambiwi. Macho anayo, barabara anaiona, lakini kwake yeye sheria ni jiwe, na ukimgusia habari ya bunduki anakuuliza, wewe wa matope unajua nini?

Jumamosi ile saa nne asubuhi tulitoka wawili kama kawaida, yeye anasimama kwenye jiwe, mimi naingia kwenye majani marefu kuwakurupusha kanga. Wakaruka kuelekea barabarani, yeye akawafuata na mtutu, akafyatua. Nesi wa chanjo alikuwa anapita na pikipiki, boksi la chanjo nyuma, kioo cha helmeti amekiinua kwa ajili ya joto. Chembe tatu zilitoboa boksi na moja ikampata jichoni. Na hili Shangazi sijamwambia mtu, vumbi la pikipiki nililiona kabla, nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu, na sikupiga kelele, kwa sababu ukipiga kelele ndege hugeuka.

Kinachonichemsha damu ni Kaka. Hajaomba msamaha hata kwa mdomo. Polisi wamechukua bunduki, yeye ameandika maelezo kwamba alisimama mita mia mbili na akanitaja mimi kuwa shahidi, na nyumbani anatembea kifua mbele anasema, "Mimi nilisimama kwenye jiwe la baba. Kama barabara ndiyo iliyonifuata, waende wakaishtaki barabara." Na anasema tena, "Shamba ni langu, nani wa kunipangia?" Wapimaji watakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi, polisi na afisa wanyamapori, na tepu yao. Juzi akanijia kazini, karakana nzima inatazama, akaniinamia sikioni, "Bwana mdogo, pita na greda lako, sukuma lile jiwe mpaka kule kwenye kichuguu, dakika tano tu. Ukiulizwa, unasafisha mtaro." Nilitamani kumpiga spana. Lakini huyu ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki, alinifundisha hata kufunga kamba za viatu, na shemeji ameniambia nikimfunga kaka yangu nisikanyage tena mlangoni kwake.

Nikilisukuma nimekuwa mwongo pamoja naye, nisipolisukuma nimemfunga mtu aliyenilea. Na je, ni kweli kwamba ukiwa ndani ya shamba lako sheria ya barabara haikuhusu? Nijibu haraka.

Ni mimi,
Mnyoosha Kona


Mnyoosha Kona,

Barua yako imeruka foleni, wenzako wenye matatizo ya ndoa watanisamehe, kwa sababu hiyo Jumatatu haisubiri mtu. Karatasi kweli imetoboka, nimeiona. Ila hasira yako yote umeielekeza kwa Kaka, na mimi yangu naigawa kwa wawili.

Tuanze na sheria, maana umeniuliza na usije ukasema nilikupa maneno ya mtaani. Nilimsomea barua yako wakili anayelisaidia gazeti hili. Alipofika kwenye "wakaishtaki barabara" alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa masharti hayo uliyonakili, anasema, shamba kuwa lenu hakusaidii kitu. Masharti yanamlinda anayepita barabarani, na risasi haiulizi hati ya shamba ina jina la nani. Umbali unapimwa kutoka barabara iliyopo leo. Barabara ikihama, na wewe unahama, au unaiacha bunduki kabatini. Jiwe la baba yenu lilikuwa kipimo kizuri cha barabara iliyokufa. Hakuna ofisi yoyote inayolitambua.

Halafu kuna jambo ambalo nyote wawili mmejitia hamnazo nalo. Hata jiwe lingekuwa mahali pake, hata Kaka angesimama mita mia tatu, kufyatua kuvuka barabara kumekatazwa vilevile. Umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, kisha ukalipita! Ndege akielekea barabarani, mtutu unashuka. Ndege anakwenda zake, mnakula maharage. Ingekuwa hivyo yule nesi angefika alikokuwa anakwenda.

Na hilo la kusukuma jiwe lisikupitikie tena kichwani. Sasa hivi kaka yako ana kosa la bunduki na maelezo ya uongo. Ukipanda kwenye greda mtakuwa wawili mnaoharibu ushahidi, tena kwa mashine ya idara, wewe ambaye barabara ile uliinyoosha mwenyewe. Wapimaji wataona shimo jiwe lilipotoka, wataona chokaa kwenye majani, wataona alama za magurudumu yako. Hivi mnadhani wanakuja wamefungwa vitambaa usoni? Kaka anakuita bwana mdogo akitaka umsaidie, na wa matope akitaka unyamaze. Shika hilo.

Mambo ya kulelewa nayajua, na sikudharau. Mtu aliyekufundisha kufunga viatu hatoki moyoni kwa barua moja. Lakini kumfichia si kumlipa fadhila. Nenda kwake mchana, shemeji akiwepo asikie, umwambie hivi: "Kaka, ni hatua hamsini na mbili, nilizihesabu miaka miwili iliyopita na nikanyamaza. Twende tukabadilishe maelezo pamoja." Akikubali, mtafuteni wakili kabla ya kwenda kituoni, na huko mseme ukweli wote. Akikataa, utakwenda peke yako, na wakili wako, kabla ya hiyo Jumatatu. Akipiga kelele, mwache apige. Shemeji akikufungia mlango, kaa nje. Milango ya ndugu huwa inafunguka, inachukua muda tu.

Sasa wewe. Usidhani nimeliruka lile vumbi. Umelificha katikati ya barua, kati ya kichuguu na ndege, ukitumaini nitalipita haraka. Uliliona. Ulikuwa na mdomo. Ulichagua ndege. Kaka hakuiona ile pikipiki, aliyeiona ni wewe, na bado kurasa nne nzima unaniambia Kaka hivi na Kaka vile! Nimekasirika mpaka nimeacha chai ikapoa. Vumbi hilo nalo litaingia kwenye maelezo yako, na wakili atakuongoza namna ya kulisema, lakini utalisema. Na ukitoka hapo rudi idarani, mwambie msimamizi wako kwamba kuna watu wanawinda kandokando ya ile barabara, aweke vibao, na mashamba yote mliyoyapitia wiki zile yaambiwe barabara ilipo sasa. Hakuna mwingine anayejua kona ile kama wewe. Bunduki ikirudi, jambo ambalo silitarajii, jiwe lipigwe nyundo mbele ya macho yenu wote. Hata baba yenu angelivunja.

Lakini kabla ya wakili, kabla ya kituo, kabla hata ya Kaka, kuna safari moja ya kwenda, na ungenitii hii peke yake ningekusamehe nusu. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta yule nesi wa chanjo. Hatua umezihesabu, wiki za kazi umezihesabu, chembe zilizotoboa boksi umezihesabu. Yeye umempa mistari miwili. Hujaniambia amelazwa wapi. Hujaniambia ana watoto au hana, kama anaendesha tena, kama ataona. Nenda hospitali uulize yuko wadi gani, na umwombe muuguzi wa zamu amuulize kwanza kama anataka kukuona. Akikataa, geuka urudi. Akikubali, usimwombee mtu radhi, usimtaje kaka yako, usimwombe chochote. Kaa umsikilize.

Jumatatu hao wenye tepu watakuuliza ni mita ngapi, na utawajibu bila kusitasita, hiyo ndiyo kazi yako. Mimi nakuuliza dogo zaidi, na najua leo huwezi kunijibu: ni jicho gani, la kulia au la kushoto?

Shangazi