Maji Safi Kwenye Rejeta

Brooklyn Park, Minnesota
28 Novemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja umenifuata kutoka Njombe mpaka huku: ufunguo wa gari letu la Pijo ukianguka ndani ya bakuli la bati pale mezani, siku kaka Walter alipokurudishia. Ulilia mara moja, ukazunguka ukingoni, ukanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wiki hii nimeusikia tena na tena, hata nikiwa darasani, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu badala ya kupiga. Wewe mwenyewe husema simu inakata maneno.

Mwili wangu mzima. Naomba magoti yako yawe yametulia na hii mvua ya kwanza, na mdogo wangu Valentina awe anakupikia chakula cha kueleweka. Mshukuru kwa kuzipiga picha barua zako na kunitumia, na kukufungulia zangu kwenye simu yake. Najua anazisoma kwanza, na mwambie najua.

Baba, nina gari. Usishtuke. Ni Pijo 504 ya mwaka 1973, nyeupe iliyochoka, kama ile yetu. Mzee mmoja wa Saint Paul aliifungia bandani miaka ishirini, na mjane wake alitaka iondoke kabla ya theluji. Tangu Septemba kila Jumamosi naenda Fridley, kwenye gereji ya Mkongo anayeitwa Rigobert, mtu wa Bukavu, tunaifufua pamoja. Siku injini ilipowaka alitoka nje akacheza peke yake. Wambui, Mkenya ninayekaa naye, aliizunguka mara moja tu: "Wee Ephrasia, hii si gari, hii ni nyanya ya mtu. Uta-drive aje na hii baridi?"

Nitaiendesha. Januari maabara inafungwa wiki mbili, na nataka safari ndefu upande wa magharibi. Siwezi kukaa, Baba. Maktabani nahama kiti mara tatu kwa saa. Begi nimelipanga, nimelipangua, nimelipanga tena, na safari bado mwezi mzima na zaidi. Niambie jinsi ya kulitunza gari hili njiani. Rigobert namsikiliza, lakini aliyeishi nalo ni wewe.

Mwanao,
Ephrasia


Njombe
5 Desemba 2025

Mwanangu Ephrasia,

Kamwene. Marahaba. Magoti yapo, yananiambia mvua inakuja kabla ya redio. Viazi vimeota vizuri. Valentina amecheka aliposoma ulichoandika juu yake, kwa hiyo amejishika mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara nne, na ile picha ya gari nimemwambia aikuze mpaka nikaona skrubu za taa. Ndilo lenyewe. Sikujua kama bado yapo duniani.

Sasa sikiliza, na huyo Mkongo asikilize. Themostati itoe, itupe. Kile kidude kinazuia maji yasizunguke, mlimani kitakuchemshia injini. Halafu usikubali mtu akumiminie kulanti, yale maji ya kijani ya madukani, yanakula mipira. Weka maji safi, yaliyochemshwa yakapoa, ujaze rejeta mpaka mdomoni, basi. Miaka thelathini na moja kwenye gereji ya misheni sikuweka kingine, na hakuna gari lililonifia isipokuwa moja, na sababu yake unaijua. Kabureta ikikohoa, igonge mara mbili na mpini wa bisibisi, taratibu, kama unaamsha mgeni.

Hukusema magharibi ni wapi. Nimeangalia ramani kwenye simu ya Valentina. Kama magharibi yako inaishia kwa yule, sema sasa, nisije nikaambiwa na watu.

Ni mimi,
Baba yako


Brooklyn Park
16 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila vidole vinakufa baridi. Natumaini nyumbani wote mmeamka salama.

Ndiyo, ni kwa Walter. Anakaa Billings, jimbo la Montana, kilomita elfu moja mia tatu na zaidi kutoka hapa, anafanya kazi kiwanda cha sukari. Tangu aondoke kwa ile visa ya bahati nasibu hamjasemezana, na mimi ananiandikia mstari mmoja siku yangu ya kuzaliwa. Nilitaka tu alione gari. Sasa nina sababu nyingine, na imenijia kupitia kwako.

Nilifanya ulivyoniagiza. Rigobert alikuwa ameshajaza kulanti. Jumatano alipotoka, niliimwaga yote kwenye ndoo, nikatoa themostati, nikachemsha maji, nikayapoza, nikajaza mpaka mdomoni. Baba, mimi nasomea kemia. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maji yanafanya nini yakiganda. Lakini nilipoinama juu ya ile rejeta sikuwa na shule yoyote kichwani. Nilikuwa na mwandiko wako. Au labda nilikuwa nayo shule yote, na nilitaka kuona. Nimejiuliza siku sita, sijui.

Gari lililala nje. Baridi ilishuka digrii saba chini ya sifuri, ambayo hapa watu huiita hali nzuri.

Asubuhi nilimkuta Rigobert amepiga magoti mbele ya boneti.

"Dada, nani aliweka maji humu?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Baba yangu. Ni fundi."

Heshima ilimzuia kidogo, kisha ikamshinda. "Papa yako ni fundi ya jua! Hata miye kule Bukavu nilikuwa naweka maji. Lakini hapa, maji ikilala na baridi inavimba. Inatafuta njia. Ikikosa, inajipasulia." Akanishika mkono akanipitishia kidole ubavuni mwa rejeta. Ilikuwa imefunguka kuelekea nje, kama ganda la njegere.

Injini imepona. Rejeta nyingine imepatikana, themostati imerudi, kulanti imerudi. Lakini kidole changu hakijatoka pale.

Julai 2013 ulimtuma Walter ampeleke shangazi msibani Kitulo, akalala huko juu. Shangazi alitusimulia sakitu, ule umande wa barafu, ilivyounguza viazi usiku ule, na maji ya ndoo yalivyofanya utando mgumu. Kesho yake, wakiteremka kuelekea Chimala, injini ilikauka maji, ikashika, ikafa. Ulimwita mbele ya ukoo na mzee wa kanisa, ukasema alikunywa pombe ya komoni msibani akasahau kujaza. Yeye alisema neno moja: "Baba, nilijaza jioni mpaka mdomoni." Akaweka ufunguo kwenye bakuli. Ukanigeukia mimi: "Wewe hujawahi kumwona akinywa?" Sikuwahi kumwona, Baba, na sikufungua mdomo.

Lile Pijo bado liko nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Nakuomba uiangalie rejeta yake. Imepasuka kuelekea wapi?

Mwanao,
Ephrasia


Brooklyn Park
30 Desemba 2025

Baba,

Shikamoo, na heri ya Noeli iliyopita. Siku kumi na nne sijapata mstari. Valentina anasema unakula, unaenda kanisani, na kwamba alasiri unabeba kigoda unakwenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na gari, hufanyi kitu. Nikimwomba akupe simu anasema uko shambani. Mvua inapiga nyuma yake, namsikia anavyodanganya.

Kama nimekukosea, niambie nimekukosea wapi. Usinyamaze. Nyumba yetu imeshanyamaza vya kutosha.

Naondoka tarehe saba, alfajiri, theluji ikiruhusu.

Mwanao,
Ephrasia


Njombe
4 Januari 2026

Ephrasia mwanangu,

Kamwene. Hujanikosea.

Nimechelewa kwa sababu sikuwa na cha kwenda kuangalia. Rejeta ile niliiangalia siku ya tatu baada ya gari kuvutwa kutoka Chimala, mwaka ule ule. Imefunguka nje, ubavu wa kushoto, urefu wa kidole. Nimeipitishia mkono mara nyingi kuliko unavyofikiri. Fundi akiona hivyo haulizi mtu. Yalikuwa maji yangu na agizo langu. Kijana alijaza kama nilivyomfundisha, na kwa sababu alijaza vizuri, ndiyo ikapasuka.

Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu ishirini. Mzee wa kanisa alikuwa ameshamwombea juu ya pombe. Nikasema nitamwita Jumapili. Jumapili nikasema tukimaliza kuvuna. Halafu visa ikaja. Siku anaondoka nilikuwa gereji, nimelala chini ya Land Rover ya mchungaji, na haikuwa na ubovu wowote. Basi lilipita pale barabarani likapiga honi. Nilikuwa na spana mkononi, nikakaza nati iliyokwishakazwa.

Utaniuliza kwa nini basi nikakuandikia tena maji safi. Nimejiuliza kwenye kile kigoda. Ningekuandikia uweke kulanti, ungeniuliza, Baba, tangu lini? Nikaogopa swali hilo kuliko baridi ya huko. Ningeweza kukuacha njiani ukaganda, mwanangu. Hilo ndilo linaninyima usingizi, kuliko hata lile la kwanza.

Nenda. Mwendo wa taratibu. Msalimie. Lakini picha ya barua hii ifute ukishaisoma. Ya Valentina nimesimama juu yake mpaka ameifuta. Mtoto kujua baba yake alikosea ni kitu kimoja. Asijue kwamba nilijua. Nikishazikwa, mwambie utakavyo.

Baba yako


Ndani ya basi, Dakota Kaskazini
15 Januari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, na si kwenye kile kigoda. Mwandiko unarukaruka kwa sababu ya barabara. Mimi mzima kabisa.

Niliondoka siku uliyoambiwa. Rigobert aliniwekea kadibodi ya ndizi mbele ya rejeta, akaifunga kwa waya. Ungeona ungelia: unaikinga rejeta isipate upepo! Alining'iniza na waya wa umeme puani mwa gari, ili likilala lichomekwe ukutani kama simu, injini isigande. "Dada," aliniambia, "ukikwama usitoke nje kutafuta mtu. Kaa ndani, subiri. Na Papa yako usimpigie kuomba ushauri!" Akacheka mpaka akakohoa. Nilicheka naye, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Baada ya Fargo nchi ikawa tambarare, nyeupe, haina mwisho. Theluji ilikuwa inavuka lami chini chini, kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi, na macho yangu yalikuwa yanataka kuifuata kwenda pembeni. Karibu na Jamestown kabureta ilikohoa. Nilisimama, nikaigonga mara mbili na mpini wa bisibisi. Iliamka. Hilo ulinifundisha kweli, na nataka ujue kwamba nililitumia. Nililala Bismarck, digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Asubuhi gari liliwaka mara ya tatu, na hita ilitoa joto la kutosha vidole vyangu, kwa sababu ya kile kidude ulichoniambia nikitupe.

Njia nzima nilikuwa nagombana na wewe kwa sauti. Mara nikuonee huruma, mara nipige usukani. Nilijiuliza kama nasafiri kwa ajili ya Walter, au kwa ajili ya yule msichana aliyeulizwa akakaa kimya.

Walter amenenepa. Ana mvi hapa na hapa. Alitoka nje na ndala na soksi, kwenye theluji, akasimama mbele ya Pijo. Alipoiona ile kadibodi akashika kiuno. "We mtoto, umelivalisha aproni?" Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka hii yote. Akaingia upande wa dereva, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, anausikiliza tu. Nilimwachia ufunguo. Siku mbili alituendesha mjini kutafuta vitu ambavyo hatukuvihitaji. Jina lako hakulitaja. Mimi pia sikulitaja.

Baba, picha yako nilikuwa nimeifuta, kama ulivyosema. Lakini kabla ya kuifuta niliichapisha maktabani, kurasa mbili. Nilikuwa nimeshaamua hata kabla sijawasha gari. Ulinyamaza, mimi nikanyamaza nawe, miaka kumi na miwili, na sitaki kungojea kaburi ndipo nijifunze kusema.

Nilimpa Jumapili asubuhi, kabla ya chai. Alisoma amesimama, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Siku ya tatu?" akauliza.

"Siku ya tatu."

Akatoka nje bila koti. Kupitia dirishani nilimwona akifungua boneti, akaondoa ile kadibodi, akaweka kiganja kwenye rejeta na kukiacha pale. Aliporudi mkono ulikuwa umekufa ganzi, nikamshikisha kikombe. Hakulia. Alisema: "Kwa hiyo mzee alijua nilijaza." Baadaye kidogo akasema, kama anauliza bei ya kitu: "Namba ya Valentina ni ile ile?" Nikamwambia ni ile ile. Sijui atapiga lini, au atasema nini akipiga. Sikumwomba akusamehe. Hilo si langu kuomba.

Gari nimemwachia. Kurasa mbili anazo yeye. Mimi narudi Minneapolis na begi tu, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimekaa kiti kimoja saa sita.

Simu ikilia, Baba, usimwambie Valentina aseme uko shambani.

Mwanao,
Ephrasia