Jibu Liko Ugogo

Urambo, Tabora
17 Novemba 1974

Kwa mdogo wangu Lukumani bin Shomari, Kilosa.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini barua haina subira ya kungoja shikamoo yako, kwa hiyo naitikia kabisa tuendelee. Wangaluka, mwana wa mama yangu. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Watoto, na watoto wa watoto? Lile goti lako la kushoto bado linatabiri mvua kabla ya redio? Mimi ni mzima. Meno yamebaki manne na yote yanafanya kazi. Mvua za kwanza zimenyesha, miche ya tumbaku iko kitaluni, mbuzi wamezaa, na kinywa changu ni kilekile.

Usitafute humu mwandiko wa mtu mwingine. Ni wangu. Hapa kijijini tumeingia kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu ni Getruda, binti wa Kimoraviani mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Siku ya kwanza aliandika ubaoni neno tumbaku. Nikamwambia tumbaku naijua, nimeipanda, nimeikausha, na imenikohoza miaka ishirini. Anifundishe kitu nisichokijua. Akaniuliza basi bibi unataka kuandika nini. Nikasema nataka kuandika wimbo wa baba yangu. Wenzangu walicheka. Wacheke. Leo naandika barua ya kurasa nyingi na wao bado wanapigana na tumbaku.

Na kama mwaka huu watu wa Kilosa wamekuwa wakikutazama kwa kicheko na kukuuliza umeoga lini, vumilia. Nitafika huko.

Wimbo wenyewe unaujua. Baba aliurudia kila jioni akitua jembe, kama alivyouimba ujanani akibeba pembe za ndovu kwenda pwani, kwa kile Kiswahili cha njiani ambacho kila kabila lilikielewa:

Siku saba porini, koo limekuwa gome.
Mwenye kisima, mlango uko wapi?

Halafu ananyamaza, anatega sikio, anacheka peke yake. Tukimwuliza mbona wimbo hauishi, anasema nusu yake ni ya Wagogo. Wapagazi wakitoka Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji, ndimi zimekauka, waliimba nusu yao pembeni mwa kisima, na Wagogo wenye maji waliwajibu kwa nusu yao, na matusi juu, ndipo wakanywa. Tukambembeleza atuimbie hilo jibu. Akakataa mpaka mwisho. Alisema jibu si mali yake, na mtu hajijibii kwa niaba ya mtani wake. Nawe unakumbuka, ugonjwa ulipomlaza alituambia sisi wawili tumletee jibu alisikie mara moja kabla hajaondoka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulicheka, ukaenda zako kwenye mkonge. Baba akazikwa bila jibu. Miaka arobaini na miwili, Lukumani. Nimezeeka nikilitafuta.

Sasa sikiliza habari ya redio. Kijiji kilipouza tumbaku ya shamba la pamoja tulinunua redio, ikawekwa ofisi ya tawi chini ya mkono wa katibu wetu, Anselm. Anselm ni mtu mzuri aliyeharibiwa na funguo. Alitaka taarifa ya habari tu, akidai betri ni za maendeleo. Sisi wanawake tukamwuliza hayo maendeleo yatakuja kwa miguu gani kama watu hawachezi. Tukakaa mlangoni pake Jumapili nzima na majungu yetu, tukipika, moshi ukimwingia ofisini, hadi akaja kutuomba tuseme tunataka saa ngapi. Tukasema saa ya kipindi cha salamu.

Hicho kipindi, mdogo wangu, ndicho kimenirudisha ujana. Mtu yuko Songea, anaandika kadi, anawasalimu watu wake na kuomba wimbo anaoupenda, na mtangazaji anaupiga tunausikia sote, mpaka sisi huku kwenye miombo. Wimbo ambao mtu alikuwa akiusikiliza peke yake jikoni unakuwa wa nchi nzima kabla ugali haujaiva. Kuna mama mmoja wa Tanga, Mwanajuma, kila mara aliomba taarabu. Mwanzoni nilisema huyu anayeimba ameumwa na jino. Jumapili ya nne nikajikuta nalia juu ya mchicha, nikamwandikia kumwomba radhi, naye akajibu kwa kadi kwamba hata yeye alihisi jino mara ya kwanza. Kuna Mzee Abbasi wa Ujiji, yeye ni nyimbo za gitaa za bendi za Dar, zile zinazoanza kwa kunong'ona halafu kiuno kinajua chenyewe. Anselm alicheza mmoja mpaka funguo zikamdondoka. Watu hawa sijawaona hata ukucha, lakini najua kinachowaliza na kinachowainua vitini, na hayo siyajui kwa majirani wengi.

Basi nikasema na mimi nina wimbo. Nikaandika kadi mwenyewe, siku tatu, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikaandika nusu ya baba, nikaomba mwenye nusu ya pili aipeleke hewani. Na chini, Lukumani, nikaandika jina lako. Ndiyo. Lukumani bin Shomari wa Urambo. Nilijiambia mtoto wa kiume ndiye aliyetumwa, basi mdomo uombao uwe wake. Siku kadi iliposomwa nilisikia jina lako likitoka katika kile kisanduku, kijiji kizima kikanigeukia, nami nikaangalia sufuria.

Mtangazaji alisema hana sahani ya wimbo huo, akapiga mwingine, akawaomba wasikilizaji wasaidie. Wakasaidia mno. Mzee Abbasi alileta jibu la upole, eti mlango uko wazi, karibu mgeni. Mtu wa Bagamoyo akaleta jingine lenye sala ndani yake. Nikayakataa yote mawili. Getruda akaniuliza nimejuaje kuwa si yenyewe na sijawahi kulisikia. Nikamwambia jibu la mtani haliwezi kuwa na adabu.

Jumapili ya sita ikaja kadi ya Bibi Josepha wa Kilimatinde, Ugogo. Mtangazaji alianza kuisoma, akacheka, akakohoa, akaanza upya. Bibi huyo alimsalimu Lukumani bin Shomari, mjukuu wa punda aliyesahau mkia pwani. Akasema wimbo anaujua, bibi yake aliuimba kwenye kisima hichohicho, na babu zetu walikunywa maji wakaondoka na kata. Jibu analo, lakini jibu haliletwi na posta, maana waliolitaka zamani walilifuata na mzigo kichwani. Mwisho akauliza kama huyo Lukumani ameshaoga tangu safari ile.

Nilipiga kigelegele ambacho Anselm anasema kilizima redio. Nilijua nimefika kisimani! Wiki hiyohiyo nikamjibu, kwa jina lako bado, kwamba Wagogo waliuza hata umande, na kwamba kuoga nitaoga siku watakaponirudishia shanga walizomtoza babu yangu kwa kukanyaga vumbi lao. Naye akajibu. Nami nikajibu. Ikawa Jumapili hata Jumapili. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kusikia umetukanwa nini. Anselm, yule wa taarifa ya habari, akaanza kulalia betri kama kuku. Mwanajuma wa Tanga aliandika kwamba kwao wameshika upande wa Mgogo, na Mzee Abbasi akasema Ujiji wote ni wa Lukumani. Umekuwa mtu mashuhuri, mdogo wangu, na hujui.

Mwezi wa tisa ikaja kadi fupi. Bibi Josepha alisema matusi yameiva, anapanda treni ya Kigoma, na Lukumani amngoje Urambo stesheni akiwa ameoga.

Nilimngoja mimi, na kijiji kizima nyuma yangu. Alishuka kikongwe mfupi, mweusi tii, rozari shingoni na fimbo mkononi, akatazama umati akauliza ni yupi. Nikamwambia Lukumani hayupo, mimi ni dada yake. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema alijua tangu kadi ya pili, kwa kuwa mwanamume hana subira ya kutunga tusi refu vile. Akaninyang'anya kanga yangu ya mabegani akajifunga yeye. Ndivyo tulivyosalimiana.

Kesho yake asubuhi tukampeleka kwenye kaburi la baba. Hatua kumi kabla hatujafika akajilaza katikati ya njia, na fimbo yake akailaza upande wa pili, akasema hapiti mtu. Watani hufanya hivyo, unajua. Tukaleta jogoo, akampokea na hakuinuka. Tukaleta unga, akaukalia. Akasema anataka neno moja tu, kutoka kwangu, mbele ya watu hawa: marehemu alimtuma nani?

Nilifumbua mdomo niseme jina lako, kama nilivyolisema siku zote. Halikutoka.

Lukumani, sikiliza nawe, uketi kama umesimama. Ulipokwisha kwenda, baba aliniita peke yangu. Alisema kijana amekwenda, haidhuru, lakini wewe Zamda una miguu, una sauti, na gari moshi linapita hapo nje. Nenda Ugogo kaniletee. Nikamwambia watu watasemaje, mwanamke kupanda gari moshi kufuata wimbo. Hakunibishia. Aligeukia ukutani, na tangu hapo hakuimba tena. Siku ya kumi na moja akafa. Mazikoni wazee waliuliza nani alitumwa, nikataja jina lako tu. Kisha nikamtafuta mwandishi wa barua mjini Tabora, nikakutumia maneno yale kwamba baba amekufa akingoja kitu ulichoshindwa kuleta. Wewe ukaamini. Ukakaa Kilosa na aibu ambayo nusu yake ni yangu, hukurudi nyumbani, nami nikawaambia watu mdogo wangu ana moyo mgumu. Mwenye moyo mgumu ni mimi. Nimeyasema hayo pale njiani, kwa sauti, Anselm akisikia, Getruda akisikia. Sasa nakwambia wewe, na sikumpa mtu mwingine kalamu.

Bibi Josepha hakunibembeleza. Alisema Wanyamwezi tulibeba pembe za ndovu mpaka baharini, lakini aibu isiyofika ratili moja nimemtwisha mtoto. Halafu akanyoosha mkono nimwinue, akanisukuma mbele yake mpaka kaburini, akaniambia niimbe.

Nikaimba. Sauti ilikuwa ya mbuzi mgonjwa, lakini niliimba. Kijiji kikaidaka, wameshaisikia redioni mwaka mzima, watu zaidi ya mia, wa Urambo, wa Puge, waliohamia juzi na wasiosalimiana, wote wakamwuliza yule kikongwe mmoja mlango uko wapi. Tukanyamaza, kama baba alivyokuwa akinyamaza. Naye akapiga fimbo yake chini mara mbili, akaegemea upande wa kichwa cha kaburi, akajibu:

Tua mzigo, mtani, tua.
Maji hayapandi kwa aliyesimama.

Akamimina kibuyu cha maji aliyoyaleta kutoka kwao, yote, udongo ukayanywa. Anselm alilia wazi, na baadaye akadai ni moshi. Nikapiga kigelegele mpaka nikakaa chini. Tulimchezea Bibi Josepha siku mbili, akatufundisha nyimbo sita za Kigogo, tukampa nane, akasema mbili kati yake tuliwaibia.

Jumapili iliyofuata kadi ya kijiji ilisomwa redioni: jibu limepatikana, halitasomwa, mwenye kulitaka alifuate Ugogo na mzigo kichwani. Mzee Abbasi ameshaandika kuuliza nauli. Mwanajuma ananibembeleza nimnong'oneze. Hata Getruda nimemkataza kuliandika ubaoni. Humu nimekuandikia kwa sababu ni lako.

Sasa linalokuhusu. Siku ya kuondoka Bibi Josepha alikichukua kigoda cha baba, kile cha miguu mitatu, akakifunga mgongoni kama mtoto. Nilimkimbilia mpaka stesheni. Akaniambia kupitia dirisha la treni kwamba waliotumwa ni wawili, mmoja ameomba, wa pili hajaomba, na kigoda hakitoki Kilimatinde mpaka aje kukiomba kwa mdomo wake mwenyewe.

Basi njoo. Treni yako inapita Manyoni, shuka hapo, uliza njia. Ukifika mlangoni pake imba nusu yetu. Atakutukana, usikasirike, mtukane, ndiyo adabu yenyewe. Akikupa kigoda, kibebe kichwani, usikipakie kwenye mzigo wa watu.

Msalimie wifi yangu, mwambie mume wake namwazima mwezi mmoja. Wasalimie watoto wote, na kila anayeuliza kama umeoga. Anselm anakusalimu kwa heshima ya mtu aliyekusikia redioni. Getruda anakusalimu, ndiye aliyenionyesha mahali pa kuweka nukta.

Ukifika hapa usibishe hodi. Simama uani na kigoda chako kichwani uimbe. Mimi sitakujibu, jibu si langu. Nitaiweka kata ya maji chini, miguuni pako, na utatua mwenyewe.

Ni mimi dada yako aliyekukosea na anayekungoja,
Zamda binti Shomari