Viatu vya Fundi Redio

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unapata nafuu na shangazi hajachoka na maagizo yako. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kwenye kompyuta niliyokutumia mna nyumba yetu. Unajua kazi yangu ni kutengeneza mahali pa kutembea ndani ya magemu. Safari hii nimeijenga ile nyumba kama ilivyokuwa kabla ya kubomolewa kupisha barabara: uchochoro, ngazi iliyomegeka, cherehani yako dirishani. Kidude cha kuchezea kinashikika kwa mkono mmoja, huo ambao kiharusi hakikuugusa. Tembea, Mama. Ndani kuna zawadi yako, sikwambii iko wapi.

Mwanao,
Chiriku

19 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Sijambo, mguu ndio uleule, umegoma. Shangazi yako anakusalimu.

Nimetembea. Mwanzo niligonga kuta kama mlevi, shangazi yako akacheka mpaka akakaa chini. Kisha nikazoea. Hakuna aliyenituma popote, basi nikaenda nilikotaka. Nimefungua makabati yote ya jikoni kwa umbea tu. Kumbe umekumbuka hata mlango wa choo tuliokuwa tukiufunga kwa kamba. Nikapanda ngazi, mwanangu. Mimi huyu wa kugeuzwa kitandani.

Halafu nikamkuta baba yako chumba cha nyuma, kati ya redio zake mbovu. Akasema, "Funga mlango, kuku wataingia." Sauti yake kabisa. Nililia kwa furaha.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. U hali gani?

Sauti ile niliitoa kwenye ujumbe wa simu aliowahi kunitumia, akikatizwa na kuku wako. Ndiyo pekee tuliyobaki nayo. Unamtembelea?

Mwanao

30 Mei

Chiriku,

Marahaba. Huku tunaendelea, na wewe ujifunike vizuri.

Nimekaa kimya, usidhani nimenuna. Siingii tena kwenye ile nyumba. Kila siku nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwa baba yako. Namweleza habari za mguu, ananijibu kuku. Namwambia nimemkumbuka, kuku. Baba yako na domo lake lile, angalau angeniuliza kama nimekula. Makabati niliacha kuyafungua, maana nilishajua alipo, na alipo hanijui. Nimefiwa mara ya pili.

Mtoe. Acha kigoda chake, na redio moja iliyofunguliwa mgongo. Viatu viweke mlangoni, kimoja kimepinduka, alivyokuwa akiniudhi. Nikiona viatu nitamtafuta.

Na siku yangu ikifika, mimi usinikalishe humo. Nakuomba.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, nilitaka kukufurahisha.

Nimemtoa. Nililia kazini, wenzangu wakadhani nimefukuzwa. Ile sauti bado ninayo kwenye simu. Jikoni nimeongeza birika, linatoa mvuke.

Mwanao

28 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba. Anaandika shangazi yako, mimi nasema tu, mkono nao umeanza kuwa mzito.

Jana nilimtafuta kila mahali. Nyuma ya nyumba, bandani kwa kuku, mpaka kona ya uchochoro ambayo sikujua umeijenga. Birika la moto, viatu mlangoni, mtu hayupo. Nikajisemea, huyu hajaenda mbali. Nikakaa ngazini kumngoja, na moyo wangu ukatulia.

Mama yako

15 Novemba

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Sikuwahi kufika kukuzika, na hilo linaniuma kuliko nilivyoweza kumwambia shangazi kwenye simu.

Nyumba yetu sasa imefunguliwa mtandaoni kwa kila mtu. Wengine wanapita mbio na kutoka. Wengine wanabaki, halafu wananiandikia kuuliza mshonaji amekwenda wapi, kwa sababu kitambaa kiko chini ya sindano na miwani iko juu yake. Wanamtafuta bandani. Siwajibu.

Leo baada ya kazi niliingia mwenyewe. Nimefungua makabati yote, nimezunguka nyuma, nimefika mpaka kona ya uchochoro. Nimekaa ngazini pale ulipokaa. Wakati wa kutoka nimefunga mlango, kuku wasiingie.

Mwanao,
Chiriku