Mtihani wa Kijapani kwenye Zizi la Butiama

Jumatatu, 11 Agosti. Musoma

Kosa la wengi wanaoanza Kijapani ni kuogopa herufi. Herufi hazina ugomvi na mtu. Andika tano kila asubuhi kabla ya chai, na baada ya miaka michache utajikuta unasoma gazeti. Cha kuogopa ni lugha ya heshima. Kuna namna ya kumwambia rafiki aketi, namna nyingine kwa mkubwa, na nyingine ya kujishusha wewe mwenyewe unapomletea kiti. Ukikosea, Wajapani hawakusahihishi. Wanatabasamu.

Nimeandika zangu tano. Mkono umetulia leo.

Mwaka wa nne huu tangu nistaafu kufundisha jiografia na kujiandikisha chuoni. Tunasoma kwa kompyuta. Darasa la ngazi ya juu tumebaki watano, wengine wote wana umri wa wajukuu zangu. Mmoja aliniambia juzi, "Bibi, ukifaulu wewe tu, sisi nyumbani tutasema nini?" Mwalimu wetu, Mori, yuko Japani. Sijawahi kumwona chini ya kifua.

Mtihani wa mwisho ni siku tatu za ukalimani kwa Profesa Ishida, mtafiti wa mifugo. Kila neno litarekodiwa na kupelekwa kwa Mwalimu Mori. Hakuna kurudia, kwa sababu darasa hili linafungwa mwaka huu. Ninaogopa.

Jumatano, 13 Agosti. Bunda

Nimempokea profesa. Mrefu kuliko nilivyotarajia, viatu vya shamba vilivyochakaa. Ameinama. Nimeinama. Ameinama tena. Dereva wetu akauliza kama kuna kitu tumeangusha.

Tumeshinda na wakulima wa pamba wanaolisha ng'ombe mashudu, makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Maswali mepesi: wanalisha saa ngapi, maji wanateka wapi. Kijapani kilitoka chenyewe. Kuna wakati mama mmoja alisema jambo akicheka, nikafasiri, na profesa akacheka kwa neno lilelile, sekunde chache baadaye. Nilisisimka. Kicheko kilipita mdomoni mwangu kikafika upande wa pili kikiwa kizima.

Kanuni ya mkalimani, kama anavyotufundisha Mwalimu Mori: usipunguze, usiongeze. Leo sikupunguza wala kuongeza.

Alhamisi, 14 Agosti. Butiama

Siku mbaya.

Tulikwenda kwa Mzee Magesa, mfugaji ambaye boma lake lina ng'ombe wa ukoo tangu enzi za babu yake. Mwanawe Wambura alitupokea. Mke wa mzee alileta ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Profesa alimaliza sahani. "Huyu Mjapani anamshinda Wambura," alisema mama, na Wambura akasema si haki, yeye alikuwa na mafua.

Kisha profesa akafungua fomu yake. Kisanduku cha kwanza: idadi ya ng'ombe. Akauliza. Nikafasiri, neno kwa neno, kwa Kiswahili safi: una ng'ombe wangapi?

Nieleze, ingawa hakuna wa kumweleza. Kwetu mtu hataji idadi ya ng'ombe wake kwa mdomo, na mgeni haiulizi. Kuwataja kwa namba ni kuwafungulia kifo mlango. Nilizaliwa Suguti, kwenye boma. Nililijua hili kabla sijajua kusoma. Niliuliza kwa sababu ya kanuni na kwa sababu ya kinasa sauti.

Mzee Magesa hakumtazama profesa. Alinitazama mimi.

"Huyo ni mgeni, hajui. Wewe unajuaga."

Akainuka, akaenda zizini, hakurudi. Mama akaondoa vyombo.

Profesa aliuliza kuna nini. Nikamjibu kwamba mzee amechoka. Uongo, tena kwa lugha ya heshima ya juu kabisa. Kinasa sauti kilikuwa kinawaka taa yake nyekundu.

Nina aibu. Nimefikia kwa binamu yangu hapa Butiama, na yeye naye nimemdanganya kwamba kazi imekwenda vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti. Butiama

Asubuhi nilimweleza profesa kila kitu, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Kwamba mzee hakuchoka. Kwamba nilijua na nikauliza. Sijawahi kuomba radhi kwa Kijapani isipokuwa kwenye mazoezi.

Profesa akachomoa ile fomu kwenye jalada, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema babu yake alikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia, na walipokufa babu alivaa nguo za msiba. Akaomba twende tukamwombe radhi mzee.

Tulikwenda alasiri. Niliomba radhi kwanza, kwa kosa langu. Profesa akapiga magoti kwenye vumbi akainama mpaka paji la uso likagusa mikono. Mzee Magesa alimtazama, akamwambia Wambura, "Mwinue huyo, ataharibu suruali." Akamletea kigoda karibu na lango la zizi.

Profesa hakuuliza swali hata moja.

Ng'ombe waliporudi kutoka machungani, mzee alisimama langoni na kuanza kuwataja mmoja mmoja kwa jina. Masika, aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mkwe, mweusi mwenye baka kifuani, mwenye jina la yule aliyeletwa kwa mahari ya dada wa mzee. Huyu ni mjukuu wa yule wa kwanza, jina limerithiwa. Mama wa kila mmoja, bibi wa kila mmoja, nani alikunywa maziwa yake akiwa mchanga. Nilifasiri bila kituo. Maneno niliyodhani sinayo yalikuja. Ya rangi za manyoya yaliponishinda, nilinyoosha kidole na profesa akayasema mwenyewe, polepole, kama anasali.

Jua lilikuwa limeshuka lango lilipofungwa. Hakuna namba iliyotajwa na hakuna ng'ombe aliyesahauliwa. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kusikia somo kama lile. Sikuwa nafikiria mtihani.

Jumapili, 17 Agosti. Musoma

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa narudia majina. Rekodi zimeshatumwa.

Jumanne, 19 Agosti. Musoma

Mwalimu Mori amenipigia. Anasema Alhamisi nilifasiri sawasawa, kisha nikadanganya, na kwa mkalimani hilo ni kosa zito. Ijumaa ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kusikia darasani kwetu. Hawezi kunipa daraja, wala hataki kunifelisha. Niandike kurasa tatu kwa Kijapani, nieleze siku zote mbili na yale yaliyosemwa langoni. Mwisho Ijumaa. Hapo ataamua.

Nimemshukuru. Nimekaa muda na karatasi nyeupe. Ziwa limetulia, wanawake wanaanika dagaa.

Majina yale si yangu. Leo, kabla ya kuandika herufi moja, nitampigia simu Mzee Magesa nimwombe ruhusa ya kuyaandika.