Mbuzi Mwenye Kodiani

Jumamosi, 2 Machi 1974
Glendale. Mhariri anataka makala nyepesi: wazee wanaokusanya katuni za zamani. Nyepesi! Kabla ya chakula cha mchana nimeona pua ikivunjwa.

Orville Haskett, mmoja wao, alileta mkebe wake wa filamu mnadani. Katuni fupi ya 1931, mbuzi anayepiga kodiani. Hakuna nakala nyingine inayojulikana. Desturi yao: mkebe hufunguliwa, wapinzani hunusa kujua kama filamu ni nzima. Lud Pruitt, mkusanyaji mwenzake, akanusa, akacheka mbele ya wote: Inanuka soksi, mzee. Imeanza kuoza. Unatembea na maiti!

Orville alimpiga usoni kwa mkebe huohuo. Mara mbili. Damu mpaka kwenye meza za watu.

Hakuna aliyeita polisi. Studio huziita filamu hizi mali ya wizi. Polisi wangebeba mikebe kwanza, majeruhi baadaye.

Jumatatu, 4 Machi
Orville amenionyesha mbuzi, gerejini kwake. Kila picha imechorwa kwa mkono. Mistari inatetemeka kidogo, kama inapumua. Mbuzi akivuta kodiani, nyumba nzima ya pichani inavutika naye. Nilicheka – mimi!

Ila Lud alisema kweli. Filamu inanata pembeni. Lud ana mtu kwenye maabara ya filamu anayeweza kuinakili. Nimemuuliza Orville: kwa nini asimpe Lud, kabla haijafa?

"Dada, zikiwa mbili, yangu ni takataka."

Jumatano, 6 Machi
Lud alimvizia Orville nje ya duka la nyama. Akamwangusha, akamkanyaga vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja. Kila kimoja na swali lilelile: utaitoa? Orville hakuitoa. Hospitalini aliwaambia alibanwa na mlango.

Ijumaa, 8 Machi
Gerejini, mchana. Naandika kwa mwanga wa picha ukutani. Orville ana plasta mkononi, hawezi kupachika filamu kwenye projekta; nimempachikia. Nilimwonya – ikikwama mbele ya taa inawaka kama baruti. Heri ife ikicheza, akasema.

Lud yuko nje, amesikia projekta, anabomoa mlango kwa spana ya magurudumu. "Fungua, muuaji!"

Bawaba zimeachia. Ameingia, bandeji puani, spana juu. Kisha ameona ukuta. Hajawahi kumwona mbuzi huyu.

"Kaa chini, mpumbavu," Orville kasema. "Unaziba."

Amekaa. Spana magotini.

Moshi mwembamba kwenye projekta. Picha inaruka, bado inakwenda. Orville anapiga kelele: "Zima, dada! Zima! Mpe akainakili!"

Nimenyoosha mkono wa kushoto kwenye swichi, wa kulia bado unaandika. Lud ameukamata. Macho yake yako ukutani, si kwenye projekta.

"Subiri," anasema. "Subiri amalize wimbo –"