Namba Kumi na Saba Iko Ndani

Bryn Llechau,
Wales Kaskazini.
Jumatano, 13 Machi 2019.

Mpendwa Shangazi Nerys,

Shikamoo. Hamjambo huko Argentina, wewe na Mjomba Tomos? Mgongo umekupa nafuu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua ina wiki ya pili haijakatika, na Mama ameshapanga upya kabati la vyombo mara mbili, kwa hiyo hali ya nyumba unaijua.

Shangazi, nina hofu. Silali, na chakula hakipiti. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali, na hujawahi kunicheka nikilia.

Nilikuambia kwamba chuo chetu kinatunga igizo ndani ya machimbo ya zamani, yale ya mawe ya kuezekea. Hakuna jukwaa wala viti. Watazamaji wanaingia nasi chini ya mlima, tunatembea pango hadi pango, na hadithi tumeitunga humo humo. Sheria yetu ni moja tu: usivunje igizo. Likitokea lolote, lipokee, liwe sehemu ya mchezo. Mtu akijikwaa, basi mhusika wake ndiye kajikwaa.

Kaka yako, Baba mdogo Elwyn, naye alitoa sharti lake. Kila anayeingia, hata mwigizaji, atundike kibati chenye namba kwenye ubao wa mlangoni, na akitoka akichukue, kama walivyofanya yeye na wenzake enzi walipochimba humo. Tulikubali kwa sababu ubao ulipendeza macho. Baba mdogo unamjua, igizo lenyewe hana haja nalo. Alifuata supu ya kondoo tuliyowapikia watazamaji.

Gethin, yule wa duka la mikate niliyesoma naye tangu utotoni, aliigiza mchimbaji aliyefukiwa. Alikaa nyuma ya ukuta wa mawe bapa tulioujenga wenyewe. Tuliyapanga yapendeze, hatukuyapanga yakae. Kazi yake ilikuwa kuita, "Nitoeni!" Mimi, mkewe, nisimsikie, nizime taa, niondoke.

Jumamosi mchana tukaonyesha mbele ya wanakijiji arobaini. Watu walipokwisha kutangulia na Meilir, kiongozi wetu, nikabaki nyuma na taa yangu. Ukuta ukaporomoka. Vumbi likanijaa mdomoni. Nikajua Gethin kaongeza lake. Akaita, kisha akaniita jina langu.

"Heledd! Heledd, si mchezo huu, mguu wangu!"

Nilimsikia. Nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba leo huyu ananizidi kuigiza. Nilimwonea wivu, Shangazi. Nikazima taa, nikaondoka.

Nje walitupigia makofi. Tukawa tunapongezana, bakuli mkononi, mpaka Baba mdogo aliposimama mbele ya ubao.

"Kumi na saba ni nani?"

"Tulia, Mzee, hiyo nayo ni igizo," Meilir akamjibu huku akicheka.

"Igizo, igizo! Kumi na saba iko ndani, nyie mnapuliza supu! Ni nani, nyie mbuzi?"

Akalitupa bakuli chini, akakimbia kuingia, na magoti yake yale mabovu. Sijawahi kumwona akikimbia. Walipomtoa Gethin, midomo ilikuwa imembadilika rangi kwa baridi na hakuweza kusema. Mguu umevunjika mahali pawili. Madaktari wanasema atatembea, ila namna gani hawajui. Igizo limefutwa.

Mama yake aliuliza pale hospitali, mbele yetu sote, imekuwaje hakuna aliyemsikia mwanawe. Gethin ndiye aliyejibu.

"Mama, waache. Kule maji yanapiga kelele mno. Heledd angenisikia, angekuja mbio, huyu namjua."

Alisema hivyo huku amenishika mkono. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Siku nne sasa nimenyamaza. Mama hajui, Baba mdogo hajui. Kila anayenitazama naona kama ananihesabu. Mlima siuogopi tena, najiogopa mimi. Rafiki yangu aliniita kwa jina, nami nikapima kama ameliita vizuri. Naogopa pia uso wake nitakapomwambia, maana akinyamaza sitajua pa kushika, na akinisamehe upesi itakuwa kwamba hajaelewa.

Kesho wageni wanaruhusiwa saa nane mchana. Nitakwenda peke yangu. Nimemkataza Mama asinisindikize, nikasema nina kitabu cha kumpelekea.

Nisalimie Mjomba Tomos, na Mair mdogo, mwambie soksi alizonifumia zinanitosha. Baba mdogo Elwyn anakusalimu kwa namna yake, yaani ameuliza kama ungali hai.

Mungu akutunze ugenini na akupe usingizi ambao mimi sina. Ukiomba, mtaje Gethin kwanza, kisha unitaje mimi. Barua hii itakapokufikia, atakuwa ameshajua kwamba nilimsikia.

Wako akupendaye,
Heledd