Kura ya Injini

Shoga, upo? Leo sina pa kuficha uso!

Si unajua naosha vyombo kwenye mashindano ya magari? Kampuni mbili, ya magari mekundu na ya bluu, zimegombana, kila moja inadai mwenzake kachezea injini. Wakakubaliana ifunguliwe moja kwa kura, aokote karatasi mtu asiye na upande.

Wakaniita mimi! "Huyu dada hata magari hayajui."

Na mchumba wangu, fundi wa magari mekundu, amesimama palepale, kimya. Nikaona haya kusema kuwa ni mchumba wangu.

Nimeokota: jekundu! JEKUNDU, shoga!

Wamefungua, kweli imechezewa. Ushindi wao umefutwa. Bosi wa bluu ananipa mkono: "Haki imetendeka!"

Mchumba kanifuata jikoni: "Harusi isubiri. Nilinyamaza nikijua utatuokoa."

Utatuokoa? Karatasi zote zilikuwa zimekunjwa!